Mwongozo kamili: Kupiga picha za Derby ya farasi kwa ajili ya gazeti

Kila Derby, ile mbio kubwa ya farasi, inapomalizika pale Ngong, huwa naletewa picha na wapiga picha chipukizi wanaotaka kujua kwa nini mhariri hakuzitumia. Nyingi ni kali, rangi zimetulia, farasi amejinyoosha vizuri. Kasoro ni kwamba aliye kwenye picha hakushinda. Au ni mshindi kweli, lakini amepigwa picha mita 20 kabla ya mstari wa kumalizia, au kichwa chake kimezibwa na farasi wa pembeni, au maelezo ya picha yamempa jina la joki (mpanda farasi wa mbio) mwingine.

Wengi hulaumu lenzi. Mimi naona kosa lipo kwingine: hawazijui rangi za majoki, na wanahamahama uwanjani mbio zikiendelea. Atakayeyashika haya mawili kwa kamera ya kawaida atamshinda mwenye lenzi ya bei ya gari asiyeyajua.

Mfano wangu mkuu ni Derby ya Kenya, inayokimbizwa kwenye majani katika Ngong Racecourse, Nairobi, chini ya Jockey Club of Kenya. Pale panapohitajika nitachukua mafunzo kutoka Kentucky Derby ya kule Louisville, Marekani, kwa sababu miaka ya karibuni mbio zile zimewatesa wapiga picha kwa namna inayofundisha.

## Vifaa vya kuandaa

- Kamera mbili. Moja ya lenzi ndefu, nyingine ya lenzi fupi. Kubadilisha lenzi wakati wa Derby ni kujinyima picha.
- Lenzi ya 400mm, au 100–400mm kama bajeti ni ndogo. Unaweza kukodi kwa siku moja. Ikodi mapema, si asubuhi ya mbio.
- Lenzi ya 70–200mm kwa padoki (kiwanja ambamo farasi hutembezwa na kupandwa kabla ya mbio) na sherehe za mshindi, na 24–70mm au pana zaidi kwa mashabiki jukwaani.
- Monopodi, yaani mguu mmoja wa kushikilia kamera. Tripodi inachukua nafasi ya watu wengine na haikuruhusu kugeuka haraka.
- Kamera ya tatu kwa ajili ya rimoti, yaani ya kupigisha kutoka mbali, kama unayo. Hata ya zamani inafaa.
- Kadi za kumbukumbu zenye kasi, betri za akiba, chaji ya mkononi, laini mbili za simu za mitandao tofauti.
- Kompyuta mpakato yenye programu ya kuchambua na kutuma picha.
- Mfuko wa plastiki wa kufunika kamera, kitambaa cha kufutia, tepu ya kitambaa, kofia, maji.
- Kijitabu cha mbio. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote hapo juu.

Acha flashi nyumbani. Farasi wa mbio ni mnyama wa kushtuka, na mwanga wa ghafla karibu na macho yake unaweza kumwangusha joki au kumuumiza saisi (mtunza farasi) aliyemshika. Droni nayo usiilete.

## Hatua ya 1: Kibali, na ruhusa mahususi

Omba kibali cha wanahabari mapema, kupitia chombo unachofanyia kazi, au kwa barua yako mwenyewe ikiambatana na kazi ulizochapisha.

Usiishie kwenye kibali cha kuingia. Uliza mambo matatu kwa maandishi: naruhusiwa kusimama ndani ya reli, yaani uzio wa njia ya mbio? Naruhusiwa kuweka kamera chini ya reli kwenye mstari? Naruhusiwa kuingia padoki? Beji ya shingoni haimaanishi umeruhusiwa yote matatu, na afisa wa uwanja akikufukuza dakika tano kabla ya Derby hutakuwa na muda wa kujitetea.

Umefaulu ukiwa na jina la afisa anayehusika na wanahabari, namba yake ya simu, na jibu la kila swali.

## Hatua ya 2: Kariri rangi kabla ya kulala

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Rangi anazovaa joki ni za mmiliki wa farasi. Joki mmoja anaweza kuvaa kijani saa nane na nyekundu saa kumi, kwa sababu amepanda farasi wa wamiliki wawili tofauti. Ukimtambua joki kwa uso pekee, umekwisha: kofia ngumu, miwani na vumbi vitamficha. Ukimtambua kwa rangi alizovaa mbio zilizotangulia, utaandika jina la uongo gazetini.

Mmiliki akiwa na farasi wawili katika mbio zilezile, fulana zinaweza kufanana kabisa. Kawaida kinachowatofautisha ni kofia. Mtego huu umewanasa hata wakongwe.

Fanya hivi. Chukua kijitabu cha mbio, na kwa kila farasi wa Derby andika mstari mmoja: namba, jina la farasi, rangi ya fulana, rangi ya mikono, rangi ya kofia, joki, mkufunzi, mmiliki. Halafu chora vijifulana kwa kalamu za rangi. Naam, kama mtoto wa chekechea. Mkono unaochora hukumbuka kuliko jicho linalosoma.

Kisha jipime: funika majina, taja farasi kwa rangi. Funika rangi, taja kwa majina. Rudia hadi usisite.

Kwa nini yote haya, ilhali utaweza kusoma namba baadaye kwenye kompyuta? Kwa sababu uamuzi wa nani umfuate na lenzi unafanyika katika sekunde chache za mwisho, na wakati huo hakuna kompyuta. Mwaka 2022, katika Kentucky Derby, macho yote yalikuwa kwa Epicenter na Zandon waliokuwa wakishindana mbele. Rich Strike, aliyeingizwa mbioni siku moja tu kabla baada ya farasi mwingine kuondolewa, na ambaye dau lake lililipa 80 kwa 1, alipenya upande wa ndani karibu na reli na kuwapita wote wawili. Aliyekuwa akimfuata farasi anayepigiwa upatu alibaki na picha nzuri ya mshindi wa pili.

Onyo: rangi zilizochapishwa na joki aliyetajwa vinaweza kubadilika siku yenyewe. Sikiliza matangazo ya uwanjani na urekebishe orodha kwa kalamu.

Umefaulu ukiweza kutaja farasi wote wa Derby kwa rangi bila kufungua kijitabu.

## Hatua ya 3: Tembea uwanjani, chagua kituo kimoja

Fika kabla ya mbio ya kwanza ya siku, milango inapofunguliwa kama inawezekana. Tembea kutoka mstari wa kumalizia hadi kona ya mwisho, ukijiuliza maswali haya: farasi watatokea upande gani? Jua litakuwa wapi saa ya Derby, si sasa hivi? Nyuma ya farasi kutaonekana nini?

Swali la jua ni kubwa kwetu tunaoishi karibu na ikweta. Mchana jua la Nairobi liko utosini; ukingo wa kofia humwaga kivuli juu ya macho ya joki, na farasi mweusi anakuwa doa. Kuanzia kama saa kumi na nusu mwanga unashuka, unaingia chini ya kofia, na misuli ya farasi inaanza kuonekana. Angalia kwenye ratiba Derby imepangwa saa ngapi, halafu simama jua likiwa nyuma yako au ubavuni.

Sehemu za kusimama ni tatu.

Upande wa nje, mita 30 hadi 60 kupita mstari. Farasi wanakujia kwa mshazari. Unapata uso wa joki, unapata mkono ukipanda juu, na kwa kawaida unaona nani yuko mbele. Kama una nafasi moja tu na kamera moja tu, simama hapa.

Sambamba na mstari. Inaonyesha vizuri umbali kati ya wa kwanza na wa pili, lakini nyuso zinaonekana kwa ubavu na farasi wa karibu anamziba wa mbali.

Ndani ya reli, ukitazama jukwaa. Nyuma ya farasi unapata umati wa watu badala ya miti ya msitu wa Ngong, na picha inasema yenyewe kuwa leo ni siku kubwa. Ni kwa ruhusa maalumu, na ukishavuka hutoki hadi farasi wote wapite.

Kumbuka jambo hili kuhusu mshazari: usiposimama sawasawa na mstari, picha yako inaweza kumwonyesha aliyeshindwa akiwa mbele. Mwaka 2024 kule Churchill Downs, uwanja wa Kentucky Derby, farasi Mystik Dan, Sierra Leone na Forever Young walifika puani kwa puani. Anayeamua ni kamera rasmi ya mstarini, inayorekodi ule mstari peke yake, kijisehemu baada ya kijisehemu cha wakati. Picha yako haina mamlaka hayo. Usiitumie kudai nani kashinda.

Onyo la usalama: reli nyeupe za plastiki zimetengenezwa ziachie zikigongwa. Hazimzuii farasi. Usiegemee reli, usipitishe lenzi wala monopodi juu yake, usifungue mwavuli karibu nayo, usisimame nyuma ya farasi, na usivuke njia ya mbio bila kuruhusiwa. Farasi akitoroka bila joki, tulia. Anayekurupuka ndiye anayemchanganya mnyama.

Umefaulu ukiwa na sehemu moja ya kusimama, uliyopiga picha ya majaribio na kuhakikisha hakuna nguzo, spika wala mwanahabari mwenzako mbele ya lenzi.

## Hatua ya 4: Kamera ya chini ya reli

Hii si lazima, lakini ndiyo inayotoa zile picha za kwato zikiwa angani na mawingu juu ya kichwa cha joki. Kama hujawahi kuifanya, irudie nyumbani kwanza.

1. Weka kamera kwenye kibao kizito au msumari wa ardhini, chini ya reli ya ndani, ikitazama mstari kwa mshazari. Afisa wa uwanja aione na aikubali. Kisiwepo chochote kinachometameta au kupepea. Farasi anaweza kukiruka.
2. Tumia lenzi pana au ya wastani. Elekeza fokasi (ukali wa picha) pale farasi wa katikati atakapopita, kisha zima fokasi otomatiki na ufunge pete ya lenzi kwa tepu. Bila tepu, mtetemo wa kwato utaisogeza.
3. Weka mwanga kwa mkono, si otomatiki. Funga upenyo (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) hadi f/5.6 au f/8 ili anayepita karibu na anayepita mbali wote wawe wakali.
4. Zima mpangilio unaoilaza kamera baada ya dakika chache. Kamera iliyolala haiamki haraka unapobonyeza, na sababu hii ndogo huwatoa watu machozi.
5. Unganisha kipokezi cha redio. Waulize wapiga picha wengine wanatumia chaneli gani. Mkigongana, kamera yako itajaza kadi kwa amri za mtu mwingine kabla ya Derby.
6. Funika mwili wa kamera kwa plastiki na uweke kichujio safi mbele ya lenzi. Udongo utaruka.
7. Ijaribu ukiwa umesimama kwenye kituo chako, si ukiwa umechuchumaa kando yake.

Umefaulu ukibonyeza kutoka kituo chako na kusikia, au kuona kwenye mbio ya mwanzo, kwamba imepiga.

## Hatua ya 5: Mipangilio, pamoja na hesabu zake

Farasi wa mbio akifungua miguu hukimbia takriban kilomita 60 kwa saa, yaani kama mita 17 kwa sekunde. Kutoka hapo kila kitu kinaeleweka.

Shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie: 1/2000 ya sekunde. Kwa 1/250 farasi anasogea karibu sentimita 7 shata ikiwa wazi, na picha inakuwa ukungu. Kwa 1/2000 anasogea chini ya sentimita moja. Kwato husogea kwa kasi kuliko mwili, kwa hiyo usishuke chini ya 1/1600 mwanga ukiruhusu.

Upenyo: f/4. Lenzi ya 400mm kwa f/2.8, farasi akiwa mita 50, inakupa ukali wa takriban mita mbili na nusu kutoka mbele hadi nyuma. Fokasi ikikaa usoni kwa joki, pua ya farasi inaponyoka. Kwa f/4 unapata kama mita tatu na nusu, na wote wawili wanaingia.

ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na mwanga. Fulana nyeupe na farasi mweusi huidanganya kamera inapopima mwanga, hasa wakibadilishana nafasi. Pima mwanga kwenye majani yaliyopigwa na jua lilelile, funga mipangilio, kisha angalia grafu ya mwanga uone kama nyeupe haijaungua. Mawingu ya Nairobi yakianza kuingia na kutoka, ruhusu ISO ijibadilishe yenyewe, lakini shata na upenyo visiguswe.

Fokasi. Tumia fokasi endelevu, kwa eneo dogo la katikati, ukilenga kichwa cha joki. Kamera mpya zinazotambua wanyama ni msaada mkubwa farasi akiwa peke yake. Wakija kumi kwa pamoja, kamera inachagua wa karibu, si wa kwanza. Kuchagua ni kazi yako.

Mfululizo. Fremu 10 kwa sekunde zinamaanisha mita 1.7 kati ya fremu na fremu. Pua inaweza kuvuka mstari katikati ya fremu mbili, usiipate kabisa. Fremu 20 hupunguza pengo hadi sentimita 85 hivi. Bado usianze mapema mno: kumbukumbu ya ndani ikijaa, kamera inakwama palepale mstarini. Anza farasi wakiwa kama mita 50 kutoka kwenye mstari, yaani sekunde tatu, na usiachie.

Shata ya kielektroniki. Kwenye kamera nyingi husoma picha mstari kwa mstari, na miguu na nguzo huonekana zimelala. Kama kamera yako ina kasoro hiyo, tumia shata ya kawaida mbioni, na hii ya kielektroniki, isiyo na sauti, uitumie padoki.

## Hatua ya 6: Mbio za mwanzo ni shule yako

Kabla ya Derby kuna mbio nyingine kadhaa. Usiziache kwa sababu si kubwa. Simama kwenye kituo chako cha Derby na upige kila moja kama ndiyo yenyewe, kisha utazame: fokasi ilikaa wapi? Fremu ya mstarini ipo? Nani alinikinga?

Hapa ndipo pa kujaribu picha za kasi pia: shata 1/80 au 1/125, unamfuata farasi kwa lenzi kwa mwendo wake, mandhari inakuwa michirizi na joki anabaki mkali. Fremu nyingi zitaharibika, na hiyo ni kawaida. Usifanye hivyo kwenye Derby yenyewe, isipokuwa gazeti limetuma watu wawili.

Umefaulu kama katika mbio mbili mfululizo una fremu kali ya mshindi akiwa mstarini, na ulijua jina lake kabla ya kuangalia namba.

## Hatua ya 7: Padoki

Nenda na lenzi ya 70–200mm, ukae kando, usiite farasi wala usipige mluzi.

Unachotafuta kwanza ni picha ya kila farasi wa Derby pamoja na joki wake, namba ikionekana. Zitakuokoa wakati wa kuandika maelezo, na mmoja wao ndiye mshindi. Baada ya hapo tafuta masaisi. Wao ndio wanaomlisha farasi alfajiri, wanaojua anachoogopa, na majina yao hayaandikwi mara nyingi. Mfahamu saisi wa kila farasi kwa uso, kwa sababu farasi wake akishinda, furaha ya kweli kabisa uwanjani itakuwa usoni kwake. Muulize jina, namna linavyoandikwa, na namba yake ya simu.

Ondoka padoki mapema. Picha moja zaidi ya padoki haina thamani ya kukimbia kuelekea kituo chako ukihema.

## Hatua ya 8: Dakika mbili na nusu

Derby ya Kenya ni mita 2400. Mtiririko wangu ni huu.

Farasi wakiingia kwenye geti la kuanzia, badilisha kadi hata kama haijajaa, na hakikisha shata haijaguswa. Geti likifunguka, kama liko mbali, usipige chochote. Tazama kwa macho.

Wakipita mbele ya jukwaa mara ya kwanza, kama njia inawapitisha hapo, piga chache kwa kamera ya lenzi fupi. Nafasi ikibana kurasani, mhariri atahitaji picha ya kundi zima.

Upande wa mbali, taja rangi kwa sauti ya chini: "Njano na nyeusi mbele, kijani wa pili, nyeupe yuko ndani." Sauti yako mwenyewe inakuweka macho.

Kona ya mwisho, weka jicho moja kwenye kidirisha cha kuchungulia cha kamera na jingine wazi. Hili ni zoezi la kujifunza, na ndilo lingekuokoa siku ile ya Rich Strike. Jicho lililo wazi linaangalia nani anakuja kutoka nyuma na upande wa reli.

Mita 200 za mwisho, chagua. Ukiona kijani anaongeza kasi na njano anachoka, hama kwa kijani mara moja. Ukishindwa kuamua kati ya wawili, vuta lenzi nyuma uwachukue wote wawili. Picha ya farasi wawili shingo kwa shingo ni bora kuliko ya mmoja asiye mshindi.

Mita 50, bonyeza rimoti kwa mkono wa kushoto au kwa pedali, na mkono wa kulia uanze mfululizo. Usiachie kwenye mstari. Endelea hadi sekunde mbili au tatu baada yake, maana joki husimama kwenye vikuku vya kukanyagia na kuinua mkono akiwa ameshapita.

Umefaulu ukiwa na fremu tatu: pua mstarini, joki akitambua ameshinda, na waliomfuata wakiwa nyuma yake.

## Hatua ya 9: Usifunge begi

Wengi huinamia kioo cha kamera hapa. Usitazame nyuma ya kamera bado. Mfuate mshindi anapopunguza mwendo, mgeukie saisi anayekimbia kumpokea, mgeukie mkufunzi, mgeukie joki wa pili aliyeinamisha kichwa. Kule Kentucky mwaka 2022, Rich Strike alipokuwa akirudishwa aliwageukia farasi na mpanda wake waliokuja kumsindikiza, akawauma. Aliyekuwa ameshazima kamera alikosa.

Kwenye sherehe ya kombe, piga picha ya kawaida ya wamiliki na kombe, kisha subiri wapiga picha rasmi waondoke. Watu wakishaacha kupanga nyuso, ndipo wanakumbatiana.

## Hatua ya 10: Likitokea la kuumiza

Joki anaweza kuanguka. Farasi anaweza kuvunjika mguu. Mwaka 2008 farasi Eight Belles alimaliza wa pili katika Kentucky Derby, akaanguka baada ya mstari, na akalazimika kuuawa palepale njiani.

Piga ukiwa ulipo, kwa lenzi ndefu, kwa sababu hiyo nayo ni habari. Usikimbilie eneo la ajali, usizunguke pazia walilosimamisha madaktari, usimzibe daktari wa wanyama. Mwambie mhariri wa picha ulicho nacho, na uamuzi wa kuchapisha ufanywe na dawati la gazeti. Usiweke kwenye ukurasa wako binafsi kabla familia ya joki haijajua hali yake.

## Hatua ya 11: Jina sahihi, matokeo rasmi, kisha tuma

Linganisha saa za kamera zako zote asubuhi, ili picha zijipange kwa wakati. Ingiza orodha yako ya Hatua ya 2 kwenye programu kama faili la misimbo: ukiandika 7, inajaza jina la farasi, joki, mkufunzi na mmiliki. Utaokoa dakika, na utaepuka makosa ya herufi.

Chagua fremu moja ya mstarini, ikate, iandikie, itume. Nyingine zifuate baadaye. Dawati linataka picha moja ndani ya dakika tano kuliko 20 baada ya saa nzima.

Kuwa mwangalifu na neno "mshindi". Mwaka 2019 farasi Maximum Security alivuka mstari wa kwanza katika Kentucky Derby. Baada ya pingamizi na uchunguzi wa zaidi ya dakika 20, wasimamizi walimshusha hadi nafasi ya 17, na ushindi ukaenda kwa Country House. Kabla matokeo hayajatangazwa rasmi, na majoki hawajapimwa uzito, andika "avuka mstari wa kwanza". Yakitangazwa, tuma masahihisho. Kwa sababu hiyohiyo hifadhi fremu kali ya wa pili na wa tatu, usizifute.

Maelezo kamili huwa na nani, yupi, wapi, lini. Mfano: "Joki Sonny Leon akiwa juu ya Rich Strike (21) avuka mstari wa kwanza katika Kentucky Derby ya 148, Churchill Downs, Louisville, Mei 7, 2022." Hakuna "shujaa", hakuna "wa kihistoria". Sifa aziweke mwandishi kwenye habari yake.

Umefaulu kama mhariri hakukupigia simu kuuliza chochote.

## Hatua ya 12: Kabla ya kuondoka uwanjani

Usichukue kamera ya chini ya reli hadi mbio ya mwisho ya siku imalizike na afisa akuruhusu kuvuka. Ng'oa msumari na tepu, jaza shimo kwa udongo; farasi watakimbia hapo tena.

Nakili kadi zote sehemu mbili tofauti kabla ya kuzifuta. Futa vumbi kwenye lenzi kwa brashi kwanza, kitambaa baadaye, maana chembe za mchanga hukwaruza kioo. Kisha mtumie yule saisi picha yake. Namba yake unayo tangu padoki.